Kauri Aliyepanda Milimani

Sogeeni, wapwa zangu. Leo msimulizi si mimi, ni kauri. Msikilizeni.

"Mimi ni kauri. Nilizaliwa baharini, lakini sasa naishi juu milimani, huko Chitral, kaskazini mwa Pakistani. Nimeshonwa kwenye kofia ya sufu ya mama mmoja wa Kikalasha. Mkia wa kofia humshuka mgongoni, nami nameta juu ya gauni lake jeusi. Mwezi Mei, sikukuu ya Joshi, yeye akicheza nami nacheza."

"Wakalasha ni wengi, mjomba?"

Swali zuri hilo! Si wengi. Ni kama 4,000 tu, katika mabonde matatu: Bumburet, Rumbur na Birir. Wana miungu yao na sikukuu zao, na majirani zao ni Waislamu.

"Hakuna wengine kama wao?"

Walikuwapo, ng'ambo ya milima, Afghanistan. Mwaka 1895 Amiri Abdur Rahman Khan alianza kupeleka majeshi, akawashinda, wakasilimishwa kwa nguvu. Nchi yao sasa ni Nuristan. Wakalasha walisalimika kwa sababu mpaka uliowekwa mwaka 1893 uliwaacha upande wa India ya Waingereza. Nami nasema wazi, wanangu: kumlazimisha mtu dini ni dhuluma.

"Na leo?"

Leo wapo wanaosilimu kwa sababu ya ndoa, wapo wanaosilimu kwa kuamini kweli. Kauri ameyaona mambo hayo.

"Mdogo wake mama anayenivaa alisilimu. Akavua kofia, akavaa shalwari na mtandio. Desemba ikafika, ibada za sikukuu ya Chaumos zikaanza. Yeye hakuingia. Mama alilia. Lakini asubuhi bado wanaitana kwa Kikalasha, wakiulizana habari za mbuzi."

"Mjomba, mama anamlilia mtu mmoja tu?"

Umeuliza vyema, mwanangu! Mtungi mkubwa ukichota kata moja, huoni kitu. Mtungi mdogo ukichota kata moja, maji yanashuka. Dada yule ana haki ya kuchagua, na mama ana haki ya kulia. Yote mawili ni kweli.

Hata ujuzi wao unahitaji ulinzi. Wazee wa Kikalasha hutazama jua likigusa vilele vya milima, wakajua msimu wa kupanda. Mwaka 2018 UNESCO iliuweka ujuzi huo, Suri Jagek, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Haya, chukueni ramani, mtafute Chitral. Kisha mje na maswali mengine.