Ndege nyepesi za mabomu: nani hasa aliziangusha?

Katika madaftari ya vikosi vya ndege za vita kuna neno linalorudiwa mno: "haikurejea". Ndege iliondoka asubuhi na watu wake wawili au watatu, mafuta yalitosha kwa saa kadhaa, saa zile zikapita, na karani hakuwa na zaidi la kuandika. Msomaji wa leo hudhani kila "haikurejea" maana yake adui alilenga akapata. Huko Ulaya mara nyingi ilikuwa hivyo. Huku kwetu, la hasha. Na tofauti hiyo inafaa kuelezwa, kwa sababu ndiyo inayotuonyesha ni nani walilipa gharama ya vita vya angani katika nchi hii.

Kwanza tuelewane juu ya ndege yenyewe. Wengi wetu tukisikia ndege ya mabomu tunakumbuka ile ya Libya iliyotumwa kuipiga Mwanza mwezi Machi 1979, ikakosa matangi ya mafuta, mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama na kuua swala. Hiyo ilikuwa Tupolev-22, dude la injini mbili za jeti lenye uzito wa makumi ya tani. Ninayoizungumzia leo ni ndogo mno kando yake. Chukua Fairey Battle ya Waingereza: injini moja, watu watatu, bunduki mbili, mabomu ya kilo 450 hivi, na uzito wake wote ikiwa imeshiba haukufika tani 5. Kazi yake ni kuruka chini, kupiga daraja au msafara wa magari, na kukimbia. Taabu ni kwamba haikuweza kukimbia.

Ilidhihirika Mei 1940, Wajerumani walipoingia Ubelgiji na Ufaransa. Tarehe 12 Battle tano zilitumwa kuvunja madaraja karibu na Maastricht. Hakuna hata moja iliyorudi salama kiwanjani. Siku mbili baadaye, huko Sedan, zilitumwa 63, zikapotea 35. Ndege za kivita za Wajerumani zilizipita mbio kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa, na mizinga ya ardhini ilikuwa ikizingoja pale pale madarajani. Hapo hatuulizi nani aliziangusha.

Lakini kuna jambo katika shambulio lile la Maastricht ambalo haliniishi kichwani. Ndege ya kiongozi ilikuwa na watu watatu: rubani Garland, mwongoza njia Gray, na mpiga bunduki wa nyuma, Reynolds, kijana wa miaka 20. Wote watatu walikufa katika ndege moja, dakika moja. Garland na Gray walipewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kuliko zote za Waingereza. Reynolds hakupewa kitu. Cheo chake kilikuwa kidogo. Naomba mlishike jambo hilo, maana tutakutana na wengine wa namna yake.

Sasa tuje kwetu. Mei 1940 hiyo hiyo, Afrika Kusini ilianza kupeleka vikosi vyake vya ndege Kenya kuwangoja Waitalia waliokuwa Ethiopia na Somalia. Tangu mwaka 1932, shirika la Imperial Airways lilikuwa limefungua njia ya angani kutoka Nairobi hadi Cape Town, na vituo vyake vilikuwa kama shanga katika uzi: Dodoma, Mbeya, Mpika, Broken Hill ambayo leo ni Kabwe. Njia hiyo ya viwanja vya bara ndiyo iliyowafaa wanajeshi pia. Kwa hiyo uwanja ule wa zamani wa Mbeya, ambao abiria waliuaga ulipofunguliwa Songwe mwaka 2012, una historia ndefu kuliko nyumba nyingi zilizouzunguka.

Waulize marubani wa zamani kuhusu uwanja huo. Uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, na jua la mchana likiipasha huzidi kuwa nyepesi. Bawa hubebwa na hewa, injini hula hewa, rafadha nayo husukuma hewa; basi hewa ikipungua vyote vitatu hudhoofika kwa pamoja. Ndege hukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka, na ikiinuka hupanda kwa kujikongoja. Mbele yake pamesimama Loleza na Kilele cha Mbeya, kinachozidi mita 2,800. Ongeza mawingu ya masika yanayolala juu ya Uporoto, na rubani asiye na chombo cha redio cha kumwonyesha njia, anayefuata ramani iliyo magotini. Hapo hahitajiki Mwitalia hata mmoja.

Ndege zenyewe zilikuwa za kuokoteza. Kikosi cha 11 kilifika na Hartbees, ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, watu wake wawili wakikaa wazi wanapigwa na upepo kama waendesha pikipiki. Kikosi cha 12 kilikuwa na Junkers 86, ndege za Kijerumani zilizonunuliwa kabla ya vita kubebea abiria wa Shirika la Ndege la Afrika Kusini, kisha zikafungwa mabomu. Yaani Waitalia walipigwa kwa mali ya rafiki zao. Baadaye kikosi cha 11 kilipewa Battle, zile zile zilizochinjwa Ufaransa, na huku zikafanya kazi ya kuheshimika, kwa kuwa ndege za adui zilikuwa chache na zimetawanyika.

Kilichoua huku ni umbali. Mkuu wa kikosi hicho, Meja Preller, alikwenda mwaka 1940 kuchungulia Afmadu, ndani ya Somalia. Ndege yake ikapigwa kutoka ardhini, akaitua porini yeye na wenzake wawili wakiwa wazima. Risasi zilikuwa zimekwisha kazi yake. Iliyobaki ilikuwa nyika kavu, na maji. Walitembea mpaka wenzake wakaishiwa nguvu. Preller akaendelea peke yake, na hatimaye alionekana akirudi juu ya ngamia. Wenzake nao wakafuatwa wakaokolewa. Ngamia, kama mjuavyo, haokotwi porini kama kuni, ana mwenyewe.

Tukirudi nyuma zaidi, kwenye vita ya kwanza, jambo hili linaonekana wazi zaidi, na linatuhusu sisi wa Nyanda za Juu kwa njia ya maji. Mvua inayonyesha milima ya Kipengere huteremka Usangu, ikawa Ruaha Mkuu, ikapita Iringa, na mwisho ikaingia Rufiji. Ni katika midomo ya Rufiji, ndani ya mikoko, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha mwaka 1914. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Wakaleta ndege.

Wa kwanza alikuwa Cutler, raia aliyekodiwa kutoka Durban pamoja na ndege yake ya kutua majini. Desemba 1914 injini ilimzimikia juu ya delta. Ndege ikaburutwa na kuokolewa kwa mashua. Cutler akabaki mikononi mwa Wajerumani. Zikaletwa Sopwith mbili: joto likayeyusha gundi iliyoshikilia mbao zake, na hazikuweza kuinuka na mtu wa pili pamoja na mabomu. Kilindoni, kisiwani Mafia, kukafyekwa uwanja kwa ajili ya ndege za magurudumu. Tarehe 11 Julai 1915 Cull na Arnold walikuwa juu ya Königsberg wakielekeza mizinga ya meli zao kwa redio, ndipo risasi za manowari zikaipata injini. Hii ni moja kati ya chache zilizotunguliwa kweli kweli. Arnold aliendelea kutuma marekebisho ya shabaha huku ndege ikishuka. Walianguka mtoni, ndege ikapinduka, wakatoka hai. Königsberg ikaisha siku hiyo.

Wala kuisha kwa manowari hakukuifanya delta kuwa salama. Tarehe 6 Januari 1917, Edwin Moon alipaa na Kamanda Bridgeman katika ndege ya kutua majini kwenda kuchunguza delta hiyo hiyo. Hakuna aliyewapiga. Injini iligoma. Walishuka katika kijito, wakaiharibu ndege isije ikawafaa adui, wakaanza kutafuta njia. Aliyewahi kupita kwenye mikoko anajua: si nchi kavu, si maji, mizizi, tope, na vijito vinavyojaa na kukauka kwa saa zake. Siku zikapita wakiogelea kijito baada ya kijito bila chakula. Wakapata chelezo cha kuungaunga, mkondo ukawachukua hadi baharini. Bridgeman akafa juu yake kwa uchovu na baridi ya maji, katika nchi ambayo wageni huiogopa kwa joto. Moon alirudishwa na maji pwani, akatekwa, akakaa kifungoni hadi Novemba mwaka huo. Alikuja kufa mwaka 1920 kwao Uingereza, katika ajali ya ndege, wakati wa amani.

Upande wa Ziwa Tanganyika, Mbelgiji Aimé Behaeghe alitupa mabomu Kigoma Juni 1916 na kurudi salama. Desemba mwaka huo akafa Niemba, Kongo, kwa ugonjwa. Leo Walmsley wa kikosi cha 26, kilichopigana ndani ya nchi hii, alianguka na ndege mara 14 na akabaki hai kuandika kitabu.

Majina haya yote tunayo. Mjini Iringa kuna makaburi ya vita yenye mawe yaliyoandikwa, na yanatunzwa. Lakini ndege ya kikosi cha 26, ile iliyoitwa BE2c, ilikunywa kwa saa moja zaidi ya madebe mawili ya petroli. Kwa sehemu kubwa ya nchi hapakuwa na reli, na malori yalinasa topeni masika. Mafuta hayo, pamoja na mabomu na vipuri, yalikwenda vichwani mwa wapagazi, ambao makumi ya maelfu yao walikufa kwa kuhara, malaria na njaa katika vita ile. Katika hesabu ya ndege zilizopotea hawamo, kwa kuwa hawakupanda. Viwanja walivifyeka wao, na ndege ikianguka waliotumwa kuitafuta, na kubeba machela, walikuwa wao.

Lile debe la petroli, la lita 18 hivi, lilikuja mawili mawili ndani ya sanduku la mbao. Sanduku zima lilikuwa mzigo wa mtu mmoja. Petroli ilikwisha, debe likabaki vijijini, likawa ndoo, likawa bati la paa, likawa kipimo. Kesho ukienda Soko la Mwanjelwa kununua mahindi au viazi, ndicho utakachopimiwa.