Sura ya 6: Lione Gari Likiwa Baridi

Hapa Kapsoya, Eldoret, hunijia vijana wengi walioona Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003 au 2004. Bei inavutia, rangi ni ya buluu, na mwuzaji amesema: "Inachemka kidogo tu, fundi ameona ni kitu kidogo." Kijana huwa ameshaamua moyoni, na kwangu hutafuta baraka tu. Sura hii ni yake.

Mapenzi yake nayaelewa. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, Richard Burns akashinda ya 2000 kwa gari hilohilo, na watoto waliopigwa vumbi kando ya njia siku zile ndio wanunuzi wa leo. Lakini gari la rali lilifuatwa na kundi la mafundi. Hili unalouziwa halikufuatwa na mtu. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo WRX ya umri huo imekaa nchini muda mrefu, imepitia mikono mitatu minne, na kila mkono ulikuwa na fundi wake na imani zake.

Imani hizo zinanichosha. Wanasema silinda za Subaru zimelala, kwa hiyo pistoni hula upande wa chini. Si kweli. Kinachoisukuma pistoni ukutani ni nguvu ya mlipuko pamoja na mshazari wa konrodi, na uzito wa pistoni yenyewe ni kitu kidogo sana mbele ya nguvu hizo. Wanasema gasketi za hedi za Subaru zote ni mbovu. Sifa hiyo ilitoka hasa kwa injini za lita 2.5 zisizo na turbo zilizouzwa Marekani. WRX zetu kutoka Japani ni za lita 2.0, na kinachoziua zaidi ni beringi za konrodi zilizokosa oili. Wanasema oili nzito hutibu kugonga kwa injini. Oili nzito hukufunika kugonga huko mpaka logbuku ibadilishwe jina. Na wako wanaosema gari lina mkosi kwa kuwa mwenyewe wa kwanza alipata ajali. Hao siwajibu, nawauliza oili ilibadilishwa lini.

Nilikusudia kueleza hatua tatu kwa usawa: kuwasha, maji, mgandamizo. Kuwasha ni kwepesi. Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uweke kiganja juu ya bonneti. Ikiwa na joto, rudi siku nyingine bila kutaja saa. Injini ikiwaka, mvuke mweupe mwepesi ni baridi ya Eldoret tu. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Pistoni za Subaru zinaweza kugonga kwenye baridi kisha zikatulia. Kugonga kwa beringi hakutulii, huzidi oili ikipata moto.

Sasa maji, na hapa naomba subira yako.

Mji wetu uko mita 2,100 hivi juu ya bahari. Maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, ndiyo maana maharagwe hapa hukawia kuiva. Kifuniko kizima cha rejeta huongeza shinikizo la bar 1.1 hivi, na hapo maji hustahimili mpaka karibu nyuzi 118. Mpira wa kifuniko ukichoka, injini inarudi kuwa sufuria, nayo kazi yake ya kila siku ni karibu na nyuzi 90. Kwa hiyo mwuzaji anaweza kuwa mkweli: gari linaweza kuchemka Kapsoya kwa kifuniko tu. Nunua kipya, kifunge injini ikiwa baridi, ulipandishe gari mpaka Iten na kurudi. Mapovu yakiendelea kutoka kwenye mtungi wa akiba, hiyo ni gesi ya silinda inayopita gasketi. Iko dawa ya buluu ya kupimia: hushikwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikinguruma, na ikigusana na gesi hiyo hugeuka manjano.

Tatizo ni kwamba fundi aliyetangulia huenda hakugusa kifuniko. Alitoa thamostati akaitupa, kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Joto gani, asubuhi ya nyuzi 10? Bila thamostati injini haifikii joto lake. Kompyuta hudhani imewashwa sasa hivi, inazidi kumwaga petroli. Petroli hiyo huosha kuta za silinda, hushuka kwenye sampu, huipunguza nguvu oili, na oili dhaifu haibebi beringi. Kitu kilichotolewa ili kuokoa gasketi kimeua konrodi. Kukijua si kazi: injini ikipata joto, shika paipu ya chini ya rejeta. Inapaswa kubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha ipate moto. Ikipanda joto polepole pamoja na ya juu tangu mwanzo, thamostati haipo.

Mwisho ni mgandamizo. Plagi zote nne zitolewe, injini ikiwa na joto, petroli imekatwa, kanyagio limekanyagwa hadi chini. Mafundi hukwepa kwa sababu plagi za Subaru zimebanwa ubavuni, lakini walipe wazitoe. Na usikubali injini ihukumiwe kwa namba za kitabu: hewa yetu ina shinikizo la asilimia 78 hivi ya ile ya Mombasa, kwa hiyo injini inayosoma psi 150 kule itasoma karibu 117 hapa ikiwa na afya ileile. Nimeona injini nzima zikifunguliwa bure kwa kosa hilo. Linganisha silinda kwa silinda. Tatu zikisoma 115 na moja 80, unanunua bodi, na bei iwe ya bodi.

Mwuzaji akikataa plagi zitolewe, mrudishie ufunguo siku hiyohiyo.