MSASA WA WAVU NA VUMBI LA MBAO

Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili hupenda kusema, "Insha hii ipigwe msasa." Je, umewahi kujiuliza msasa ni nini? Msasa ni mti. Majani yake hukwaruza kama ulimi wa paka, na hapo kale mafundi waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya dukani ilipokuja ikarithi jina hilo. Siku hizi kuna msasa mwingine ambao si jani wala karatasi, bali ni wavu. Nia yangu ni kueleza jinsi ya kuuchagua, maana kwetu Machakos jambo hili si la mchezo. Linahusu mapafu ya watu.

Kila mtu anajua Wamunyu, pale kwenye barabara ya kuelekea Kitui, ni kitovu cha uchongaji wa vinyago. Inasimuliwa kwamba Mzee Mutisya wa Munge alijifunza ufundi huo kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia (1914-1918), kisha akauleta nyumbani. Tangu hapo twiga, simba na ndovu wa mbao wametoka Ukambani hadi Ulaya na Marekani. Mti wa muhugu umekuwa adimu, kwa hivyo wachongaji wengi sasa hutumia pia mwarobaini, mwembe na jakaranda.

Tezo ikishamaliza kazi yake, kinyago husuguliwa kwa msasa. Mara nyingi kazi hii huachiwa akina mama na vijana. Wakati wa likizo mimi pia humsaidia mjomba wangu kusugua. Jioni ukipenga kamasi, hutoka rangi ya kahawia. Hebu jiulize: hilo ni vumbi lililonaswa puani, je, lililopita liko wapi?

Vumbi kubwa huanguka chini na kufagiliwa. Vumbi hatari ni lile dogo lisiloonekana vizuri, ambalo upana wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita. Hilo huelea hewani kwa muda mrefu na huweza kushuka hadi mapafuni. Huleta kikohozi, pumu na kuwashwa kwa ngozi. Vumbi la mpingo linajulikana sana kwa kuwasha. Zaidi ya hayo, mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua. Nilipomwambia mjomba habari hii alicheka, akasema, "Wewe, vumbi hilo ndilo limekulipia karo!" Ni kweli, na ndiyo sababu sisemi kazi iachwe. Nasema vumbi likamatwe.

Sasa, wavu hufanyaje kazi? Diski ya kawaida ya karatasi, ile ya milimita 125, huwa na matundu kama manane hivi. Vumbi lililo mbali na tundu hukwama, huziba chembe za kukwaruza, na lingine hurukia uso wako. Diski ya wavu imefumwa kwa nyuzi, na chembe za kukwaruza zimegandishwa juu ya nyuzi hizo. Ukiiinua juani unaona mwanga ukipenya kila mahali. Kwa hivyo mashine ya kufyonza vumbi hulivuta vumbi kupitia diski nzima, pale pale linapozaliwa. Kampuni ya Mirka ya Ufini ni miongoni mwa zinazojulikana kwa kuuza misasa ya namna hii.

Ukitaka kununua, zingatia mambo haya:

Kwanza, angalia mfyonzo kabla ya diski. Wavu bila mashine ya kufyonza ni sawa na chujio bila bakuli: vumbi litapita na kutawanyika vile vile.

Pili, pima kitako cha mashine. Vipimo vya kawaida ni milimita 125 na 150. Kitako kiwe na matundu mengi na kiwe cha kunasa, kama vile viatu vya watoto vinavyofungwa bila kamba. Weka kinga nyembamba kati ya wavu na kitako, kwa maana joto huweza kuharibu vinasio vyake.

Tatu, chagua namba. Namba ndogo hukwaruza sana, namba kubwa hulainisha. Anza na 80 ikiwa kuna alama za tezo, halafu 120, 180 na 240. Usiruke kutoka 80 hadi 240, kwani mikwaruzo ya mwanzo itabaki, nayo rangi ya viatu au nta ikipakwa itaonekana wazi.

Nne, tazama umbo la kazi. Diski inafaa meza, milango na sinia. Shingo ya twiga haitaki diski. Hapo tumia kipande cha wavu kwa mkono, ukiweka sponji laini nyuma yake. Lakini elewa kwamba kwa mkono hakuna mfyonzo, kwa hivyo barakoa haiepukiki.

Tano, usikandamize. Uzito wa mashine unatosha. Wavu ukianza kuziba, ukung'ute. Hudumu kuliko karatasi usipoupasua kwenye kona kali.

Najua wengine watasema, "Hiyo ni ya matajiri, sisi wa jua kali hata stima hatuna." Hoja hiyo ina uzito. Lakini yapo ambayo hayahitaji stima. Sugua nje, upepo ukitoka nyuma yako. Tumia msasa wa maji pale mti unaporuhusu, kwa kuwa vumbi lililolowa haliruki. Vaa barakoa ya N95, maana leso haizuii vumbi dogo. Nyunyiza maji kabla ya kufagia, na usimfunge mtoto mgongoni unaposugua. Wachongaji walio katika ushirika wanaweza kuchanga wanunue mashine moja ya wote. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tena Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awakinge wafanyakazi dhidi ya vumbi. Hii si hisani.

Wenzangu wa kidato cha tatu, Desemba inakuja na wengi wetu tutarudi chini ya miembe kusugua vinyago. Twiga wetu ang'ae, mtalii amnunue, karo ilipwe. Lakini anayemsugua naye apate kupumua vizuri. Kinga ni bora kuliko tiba.