Riba sifuri, gharama ngapi? Hesabu ya mkopo wa mwanamke wa Igalula

Mnunuzi anapolipa Sh1 milioni kwa tumbaku ya mkulima wa Wilaya ya Uyui, halmashauri humdai ushuru wa asilimia 3, kiwango cha mazao ya biashara kilichowekwa mwaka 2017. Hiyo ni Sh30,000. Sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani fedha inazokusanya yenyewe, kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika milioni ile ya tumbaku, fungu la wanawake ni Sh1,200.

Tuigeuze hesabu. Ili mwanamke mmoja wa Kata ya Igalula, wilayani humo, akopeshwe Sh500,000 kutoka chanzo hicho peke yake, tumbaku ya Sh416.7 milioni lazima iwe imeuzwa. Hapa tumechukulia kwamba ushuru wote umekusanywa, na kwamba hakuna kilichoondolewa kabla ya kutenga ile asilimia 10. Halmashauri ina vyanzo vingine pia, kama leseni za biashara na ushuru wa masoko. Lakini uwiano haubadiliki: kila Sh1 milioni ya mapato ya ndani huzaa Sh40,000 za wanawake, itoke kokote.

Kitaifa, tarakimu huonekana kubwa zaidi. Mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya dosari zilizoibuliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG). Iliporejeshwa mwaka 2024, serikali ilitaja Sh227.96 bilioni za kukopesha. Tukigawa kwa uwiano wa 4:4:2, wanawake wanapata Sh91.18 bilioni. Kwa halmashauri 184, wastani ni Sh495.6 milioni kwa kila moja. Wastani huo usimdanganye msomaji, kwa kuwa mapato ya ndani ya Dar es Salaam hayalingani na ya wilaya ya vijijini. Tena jumla hiyo inachanganya fedha mpya na marejesho ya mikopo ya zamani, kwa hiyo haiwezi kuhesabiwa kama kiasi cha kila mwaka.

Sasa tugawe kwa vichwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wanawake 31,687,990, watoto wakiwemo. Tukichukulia nusu yao ni watu wazima, Sh91.18 bilioni ni kama Sh5,755 kwa kila mmoja. Zikitolewa kwa mikopo ya Sh500,000, zinawafikia wanawake 182,000 hivi, sawa na asilimia 1.15. Kwa kiwango hicho, mikopo hii ni ya wachache, na swali la nani anaipata na lini lina uzito kuliko ukubwa wa bilioni zenyewe.

Upande wa bei, faida iko wazi. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wa daraja la pili ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Sh500,000 kwa miezi sita, riba ikitozwa kwa salio linalopungua, inagharimu Sh61,250. Riba hiyo hiyo ikitozwa kwa mkopo wote hadi mwisho, inafika Sh105,000. Mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu haina ukomo: tukichukua mfano wa asilimia 20 kwa mwezi, miezi sita inakula Sh600,000, zaidi ya mkopo wenyewe. Mbele ya tarakimu hizo, riba sifuri ya halmashauri haina mpinzani.

Lakini riba ni sehemu moja tu ya gharama. Makao makuu ya Halmashauri ya Uyui yako Isikizya, kaskazini mwa mji wa Tabora, na Igalula iko upande wa mashariki. Tuchukue kikundi cha wanawake watano kinachoomba Sh2.5 milioni, yaani Sh500,000 kwa kila mmoja. Viongozi watatu wakisafiri mara nne hadi Isikizya kufuatilia maombi, kila mmoja akitumia Sh15,000 za nauli na chakula kwa safari, ni Sh180,000. Ongeza Sh10,000 za mauzo anazokosa kila mmoja kwa kila siku ya safari, na jumla inakuwa Sh300,000, sawa na asilimia 12 ya mkopo. Kikundi hicho kingelipa Sh306,250 kwa mkopeshaji wa asilimia 3.5 kwa salio linalopungua. Tofauti ni Sh6,250. Safari zikipungua hadi mbili, gharama inashuka hadi Sh150,000, na unafuu unakuwa wa kweli. Ndiyo maana maombi yanayoishia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yana thamani inayopimika kwa shilingi.

Gharama ya tatu ni kuchelewa. Ukanda huu umezoea biashara ya majira. Chukua mwanamke anayenunua mpunga wakati wa mavuno na kuuza Januari. Tuseme gunia ni Sh70,000 mwezi Juni na Sh100,000 Januari. Kwa Sh500,000 ananunua magunia saba na kupata Sh210,000 kabla ya gharama za kuhifadhi. Mkopo ukimfikia Oktoba, gunia likiwa Sh90,000, ananunua matano na kupata Sh50,000. Miezi minne ya kusubiri imemgharimu Sh160,000, mara 2.6 ya ile riba ya Sh61,250. Bei hizi ni za mfano na hubadilika kila msimu, lakini mwelekeo wake unamhusu yeyote anayenunua mazao kwa msimu.

Linganisha na vicoba, vikundi vya kuweka na kukopeshana. Wanachama 25 wakiweka Sh5,000 kila wiki, mwaka mmoja unatoa Sh6.5 milioni. Fungu la wanawake lingehitaji tumbaku ya Sh5.4 bilioni ili kufikia kiasi hicho. Hata hivyo, fedha za vicoba zinajaa kidogo kidogo, kwa hiyo wastani wa kiasi kilichopo katika mwaka ni nusu yake. Pia Sh260,000 kwa mwaka si kila mwanamke anazimudu, hasa miezi ya kabla ya mavuno. Vicoba humfaa aliye na cha kuweka, ilhali mkopo wa halmashauri ulikusudiwa kumfikia na asiye nacho.

Linabaki suala la marejesho. Ripoti ya CAG ya 2021/22 ilitaja zaidi ya Sh88 bilioni za mikopo ambazo hazikuwa zimerejeshwa, sawa na karibu asilimia 39 ya zile Sh227.96 bilioni. Deni ambalo halijarejeshwa si lazima liwe limepotea, lakini wakati halijarudi halimkopeshi mwingine. Sh1 milioni inayokopeshwa mizunguko mitano, ikirejeshwa kwa asilimia 95 kila mzunguko, hukopesha jumla ya Sh4.52 milioni. Ikirejeshwa kwa asilimia 60, hukopesha Sh2.31 milioni. Sh2.2 milioni za tofauti ni mikopo ya wanawake wanne wa Sh500,000 kila mmoja, na chenji inabaki.

Kwa hiyo jumla iliyotolewa, tarakimu inayotangazwa mara nyingi, ndiyo inayomsaidia msomaji kidogo zaidi. Tatu nyingine zingetosha kubandikwa kwenye ofisi ya kata: kiasi kilichoombwa kikilinganishwa na kilichotolewa, siku zilizopita kati ya maombi na malipo, na asilimia iliyorejeshwa kwa wakati. Zote zinapaswa kupatikana kwenye majalada ya halmashauri, na gharama ya kuzibandika ni karatasi moja.