Kwa Nini Ghorofa 20 Hazipinduki Baharini

Kila picha za meli ya kitalii Icon of the Seas zinaposambaa kwenye simu zetu, swali huwa lile lile: jengo la ghorofa 20 linakaaje juu ya maji bila kulala ubavu? Ni swali la haki, hasa kwetu tunaokumbuka kupinduka kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018. Jibu liko chini kabisa ya meli, mahali ambapo mtalii hafiki.

Kwanza, zile tani 248,663 zinazotajwa kila mahali si uzito. Ni kipimo cha nafasi iliyozungukwa na kuta za meli, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ni hewa: vyumba, kumbi, migahawa. Vitu vizito hasa, yaani injini, mitambo ya umeme, matangi ya mafuta na ya maji, hupangwa chini. Manahodha wa majahazi wanaijua kanuni hii tangu zamani. Chombo kisicho na shehena hutiwa farumi ya mchanga au mawe kabla ya kutweka tanga.

Pili ni upana, karibu mita 48. Meli ikiinama, ubavu ulioinama huzama zaidi, na maji ya upande huo huusukuma kuurudisha juu. Hata abiria wote 7,600 inaoweza kubeba wakikimbilia upande mmoja kutazama nyangumi, uzito wao hautafika tani 600, ilhali meli yenyewe ina uzito wa mara nyingi zaidi ya huo. Kivuko kidogo kilichosheheni kupita kiasi hakina akiba hiyo. Watu wakihamia upande mmoja, kinakwenda nao.

Lakini uthabiti ukizidi nao ni taabu. Meli ya namna hiyo hujirudi kwa kishindo: sahani zinaruka mezani, watu wanatapika. Kwa hiyo wabunifu huipa uthabiti wa kutosha tu, iyumbe polepole, kisha huongeza mapezi ya chuma yanayochomoza ubavuni chini ya maji. Kompyuta huyageuza kila wimbi linapokuja, nayo hufanya kazi vizuri zaidi meli ikiwa kwenye mwendo.

Kinachonitia hofu kuliko wimbi lolote ni maji yaliyo huru ndani ya chombo. Mwaka 1987 kivuko Herald of Free Enterprise kilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango yake ya mbele ikiwa wazi. Maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, sakafu moja pana isiyo na ukuta wa kuyazuia. Yakakimbilia upande mmoja, na kwa dakika chache tu kivuko kikalala. Walikufa watu 193. Ndiyo sababu matangi ya meli hugawanywa vyumba vyumba, na ndiyo sababu bahari ikichafuka wahudumu hukausha mabwawa ya kuogelea. Usiwanung'unikie.

Kwa anayekata tiketi, haya yote yana faida ya moja kwa moja. Meli huyumba kwa kiasi kidogo kabisa katikati ya urefu wake na kwenye ghorofa za chini. Chumba cha huko kisicho na dirisha kwa kawaida ni cha bei nafuu, na mwenye tumbo jepesi atalala vizuri kuliko aliyelipia kibaraza kule juu omoni.

Hata hivyo, uthabiti hauzuii mwamba. Usiku wa Januari 13, 2012, meli ya kitalii Costa Concordia ilipasuliwa ubavu na mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo hiyo huko Civitavecchia walikuwa bado hawajafanya zoezi la dharura, kwa kuwa sheria iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Sasa sharti ni lifanyike kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada ya hapo. Siku hizi sehemu ya zoezi hutazamwa kwenye simu, na wengi huibonyeza tu ipite. Itazame yote. Kisha toka chumbani mwako uende kwa miguu hadi kituo chako cha kukusanyikia, ukipita ngazi na kuhesabu milango, kwa sababu siku ya dharura lifti hazitumiki na korido huenda zikajaa giza.