Barua Imehifadhiwa Wapi? Kupanga Njia za Mkato katika Kompyuta ya Nyumbani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la nyumba nyingi limo ndani ya kompyuta: barua za utumishi, ripoti za shule za watoto, kadi za kliniki zilizopigwa picha, hesabu za mshahara na hati za kiwanja. Lakini hata daftari lenyewe laweza kupotea. Mtu huandika barua yake kwa uangalifu, akaihifadhi kwa haraka, akaifunga kompyuta na kwenda zake. Kesho yake aitafuta asiione. Mara nyingi barua hiyo ingali mzima kabisa, ila imewekwa mahali ambapo mwenyewe hakupachagua, kwa kuwa dirisha la kuhifadhia lilipofunguka hakulitazama.

Dirisha hilo hutokea kila mara faili jipya linapohifadhiwa kwa mara ya kwanza. Humuuliza mwandishi mambo matatu: jina la faili, aina yake, na folda litakamowekwa. Watu wengi hulijibu swali la kwanza tu, na yaliyobaki huiachia kompyuta. Kompyuta nayo haijui lipi la shule na lipi la kazi. Baadhi ya programu hufungua folda iliyotumika mara ya mwisho, na nyingine hufungua folda ya kawaida ya nyaraka. Ndiyo maana barua ya ombi la likizo huonekana imelala katikati ya picha za arusi.

Upande wa kushoto wa dirisha hilo mna safu ya majina ya folda. Kila jina ni njia ya mkato: likibofywa mara moja, mtumiaji hufikishwa katika folda hiyo bila kupitia mlango baada ya mlango. Karani wa masjala hulielewa jambo hili upesi. Majalada yanayotakiwa kila siku huwekwa karibu na mkono, na yale ya mwaka juzi hupelekwa rafu ya nyuma. Masjala ambamo kila jalada liko mbali huzaa uvivu, na uvivu huo ndio unaofanya karatasi zirundikwe popote.

Safu hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Katika Windows 95 na Windows 98, mtumiaji alipaswa kufungua orodha iliyokuwa juu ya dirisha na kushuka ngazi kwa ngazi. Programu za Microsoft Office 2000, zilizotolewa mwaka 1999, zilikuja na safu yake upande wa kushoto, na Windows 2000 iliyofuata ikaiweka katika dirisha la kawaida la programu nyingine. Ilikuwa na nafasi tano tu, zilizojazwa na watengenezaji wenyewe: vilivyotumika karibuni, eneokazi, folda ya nyaraka, kompyuta yenyewe na mtandao. Katika Windows XP ya mwaka 2001 nafasi zilibaki tano. Aliyetaka kuzibadilisha alihitaji programu ya nyongeza iliyoitwa Tweak UI, au kuingia katika mipangilio ya ndani ambayo watu wa kawaida huiogopa. Zaidi ya hayo, safu ya Office ilikuwa mbali na ile ya Windows, hata mtu akiitengeneza moja, nyingine ilibaki kama ilivyokuwa.

Ugumu huo ulipungua hatua kwa hatua. Windows Vista ilipoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007, na Windows 7 mwaka 2009, mtumiaji aliweza kuikokota folda kwa kipanya na kuiweka katika orodha ya vipendwa. Tangu Windows 10 ya mwaka 2015 orodha hiyo huitwa Quick access, yaani mafikio ya haraka, na katika Windows 11 ya mwaka 2021 njia ya kuitumia ni ile ile. Kazi iliyohitaji fundi sasa yaweza kufanywa na mtoto wa shule ya msingi kwa muda usiozidi wa kuchemsha chai.

Jambo la kwanza ni kuziunda folda zenyewe. Ndani ya folda ya nyaraka, familia na ifungue folda chache zenye majina yasiyo na utata, kwa mfano Utumishi, Shule, Afya, Fedha, na Nyumba na Shamba. Folda tano au sita zatosha. Zikifika ishirini, safu itageuka kuwa msitu mwingine, na anayetafuta atarudia kupotea kama zamani.

Jambo la pili ni kuzibandika. Folda hubofywa kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha huchaguliwa maneno "Pin to Quick access". Papo hapo jina lake huonekana upande wa kushoto. Majina yaweza kupangwa upya kwa kuyakokota juu au chini, ili linalotumika zaidi litangulie. Lisilohitajika hubofywa vivyo hivyo kwa kitufe cha kulia, kisha huchaguliwa maneno "Unpin from Quick access". Kulibandua jina hakuifuti folda. Yaliyomo hubaki salama mahali pake.

Jambo la tatu ni kujaribu. Faili lolote la maandishi lifunguliwe, kisha pachaguliwe "Save As". Katika Microsoft Word, kitufe cha F12 juu ya kibodi hulileta dirisha la kuhifadhia moja kwa moja. Majina yaliyobandikwa yataonekana pale pale kushoto. Tangu siku hiyo kila mtu wa nyumba na azoee mwendo mmoja: kwanza kubofya folda, kisha kuandika jina, na mwisho kuhifadhi. Jina la faili likianza kwa mwaka, mwezi na siku, kama 2024-03-15 ripoti ya muhula, faili zikipangwa kwa majina zitajipanga zenyewe kwa tarehe.

Wenye kompyuta za aina nyingine hawakuachwa nyuma. Katika kompyuta za Apple, folda hukokotwa hadi safu ya kando ya dirisha la Finder, na huonekana pia wakati wa kuhifadhi. Dirisha la kuhifadhia likitokea likiwa dogo, kuna mshale karibu na jina la faili ambao ukibofywa hulipanua. Katika kompyuta nyingi za Linux zenye eneokazi la GNOME, mtumiaji huifungua folda katika programu ya faili, kisha hubonyeza Ctrl na D kwa pamoja, nayo huingia katika orodha.

Pamoja na manufaa hayo, yako mambo manne ya kuhadhari.

La kwanza, njia ya mkato si nakala. Jina lililoko katika safu ni kibao cha kuonyesha njia, na kibao hakiwezi kuwa nyumba. Mtu akiingia kwa njia hiyo na kufuta barua, amefuta barua yenyewe. Hali kadhalika, diski ya kompyuta ikiharibika, folda zote tano zitaondoka nayo hata zikiwa zimepangwa vizuri namna gani. Kwa hiyo nakala ya pili iwekwe katika diski ya nje, na diski hiyo itunzwe mbali na kompyuta.

La pili, folda iliyomo ndani ya diski ya kuchomeka isitegemewe sana katika safu. Diski ikiwa haimo, kompyuta hutangaza kwamba mahali hapo hapapatikani. Tena herufi ya diski yaweza kubadilika inapochomekwa siku nyingine, na kibao kikawa kinaelekeza pasipo kitu. Ni afadhali folda za kila siku ziwe ndani ya kompyuta, na diski ya nje iwe ghala la nakala.

La tatu, safu hiyo husema mengi kuhusu mwenye kompyuta. Pamoja na majina yaliyobandikwa, Windows huongeza yenyewe folda zinazotumika mara kwa mara, na huonyesha faili zilizofunguliwa karibuni. Katika nyumba yenye wageni na majirani, si kila jicho lipaswa kuona folda ya matibabu au ya mikopo. Katika mipangilio ya folda, sehemu ya faragha, zimo alama mbili za kuzima maonyesho hayo, pamoja na kitufe cha kuifuta kumbukumbu. Lililo bora zaidi ni kila mtu mzima kuwa na akaunti yake yenye neno la siri, kwa sababu kila akaunti hutunza safu yake, na watoto wakapewa yao ya masomo na michezo.

La nne lawahusu hasa askari na polisi. Folda ya Utumishi katika kompyuta ya nyumbani ni ya karatasi za mtumishi mwenyewe: barua ya ajira, vyeti vya kozi, barua za uhamisho na za kupandishwa cheo, na kumbukumbu zitakazotakiwa siku ya kudai kiinua mgongo. Majalada ya kazi, orodha za zamu na taarifa za upelelezi mahali pake ni ofisini. Yasiingizwe nyumbani, hata kwa nia njema ya kumaliza kazi jioni.

Faida ya mpango huu huonekana zaidi wakati mwenye kuuanzisha hayupo. Baba akiwa katika operesheni au mama akiwa kozini, aliyebaki nyumbani huweza kuombwa cheti cha kuzaliwa cha mtoto kabla ya saa sita mchana, au nambari ya hati ya kiwanja wakati mnunuzi amesimama mlangoni. Kama folda zimepangwa na kila mtu anazijua, jibu hupatikana kwa mbofyo mmoja. Kama sivyo, familia hubaki kumpigia simu mtu ambaye pengine hawezi kupokea. Basi wenye nyumba na waketi pamoja jioni moja, wakubaliane majina ya folda, wayabandike, na kila mmoja ahifadhi barua moja ya majaribio ili kuhakikisha kwamba njia anaijua.