Kengele ya Mbali katika Muziki wa Brian Eno

Muziki wa ambienti hautegemei mashairi wala mdundo wa kuchezesha, bali hujengwa kwa sauti zinazotandaa polepole na kumzunguka msikilizaji kama hewa ya mahali, na aliyeueneza kwa jina hilo ni mtunzi Mwingereza Brian Eno, kwa albamu ya mwaka 1978 aliyoitunga kwa ajili ya viwanja vya ndege. Hata hivyo, kazi yake inayogusa zaidi kumbukumbu za utotoni ni On Land, albamu ya nne ya mfululizo ulioanzishwa na hiyo ya 1978, iliyotoka mwaka 1982, ambamo vipande kadhaa vimepewa majina ya mahali palipo jirani na alikokulia.

Eno alizaliwa mwaka 1948 katika jimbo la Suffolk, mashariki mwa Uingereza, akakulia karibu na mji mdogo wa Woodbridge, kando ya mto Deben, ambako baba yake alikuwa tarishi wa posta. Leeks Hills, panapotajwa katika kipande kimoja, ni kijisitu cha hapohapo. Dunwich, panapotajwa pamoja na mwaka 1960, mtunzi alipokuwa na miaka 12, ni mabaki ya bandari ya kale ambayo sehemu yake kubwa imemezwa na bahari. Lakini kinamasi cha Lantern Marsh, ingawa hakiko mbali na kwao, Eno alikiri kwamba alikifahamu zaidi kwa kukiona kwenye ramani, na ungamo hilo lina uzito, kwa kuwa laonyesha kwamba kumbukumbu ya nyumbani huchanganya yaliyoonekana na yaliyowaziwa tu.

Namna ya kusikiliza iliyozaa albamu hiyo ilimjia kwa sehemu nchini Ghana, ambako jioni aliketi barazani na maikrofoni na rekoda ya kaseti, akisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni kila kilicholia huku na huko, hata milio isiyohusiana ikaungana kuwa muziki mmoja. Aliporudi kwenye utunzi aliona sintesaiza, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme, haimtoshi, basi akatumia mnyororo, vijiti, mawe, na milio ya vyura, wadudu na kunguru, huku kanda zake za zamani zikifukiwa chini ya sauti mpya mfano wa mboji shambani.

Katika kipande kiitwacho The Lost Day mnasikika mlio hafifu, kama kengele iliyo mbali sana, ambao, kwa masimulizi yake mwenyewe, ulimgusa bila yeye kujua sababu. Albamu ilikuwa imekwisha kukamilika alipokwenda kwa wazazi wake wakati wa Krismasi, na alipotoka kutembea akausikia tena mlio uleule: zilikuwa waya za chuma zikigonga milingoti ya mashua.